Kambare wa tangi dogo: yupi anafaa sebule ya Nairobi

Kwenye duka la samaki wa mapambo utakuta kambare wa sentimita nne au tano wamepangwa tangi kwa tangi, wote karibu kimo kimoja, na kila mmoja anaonekana atatosha kwenye kioo cha futi mbili. Mmoja wao hataongeza hata sentimita mbili maishani. Mwingine atapita mita moja. Muuzaji huwapa bei zinazokaribiana, na kuhusu wote wawili atakwambia "huyu anasafisha tangi."

Kwa hiyo kabla ya rangi na bei, uliza jina kamili, kisha utazame urefu wake akikomaa. La pili ni sakafu ya tangi lako. Kambare wengi wanaishi chini, na lita zilizo juu yao haziwaongezei nafasi ya kutembea. Tangi refu kwenda juu lenye sakafu ya sentimita 30 kwa 30 laweza kubeba lita 50 na bado likawa finyu kwao kuliko tangi fupi la lita 40 lenye sakafu ya 60 kwa 30.

Tangi linalotengenezwa sana na mafundi wa vioo ni la futi 2 kwa 1 kwa 1, yaani sentimita 60 × 30 × 30. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata lita 54. Hizo ni za karatasini. Ukiweka mchanga wa sentimita 2.5 na kuacha nafasi ya sentimita 3 juu, maji halisi ni kama lita 44, na hata kipimo cha dawa kinafuata hizo 44. Kanuni ya haraka ya upana: sakafu isipungue mara mbili na nusu ya urefu wa samaki mzima, la sivyo hawezi kugeuka bila kujikunja. Kwenye upana wa sentimita 30, mwisho wako ni samaki wa sentimita 12.

| Samaki | Akikomaa (cm) | Sakafu ya chini kabisa (cm) | Joto (°C) | Idadi |
|---|---|---|---|---|
| Corydoras pygmaeus | 2.5–3 | 45 × 30 | 22–26 | 8 na zaidi |
| Otocinclus | 4 | 60 × 30 | 21–26 | 6 |
| Corydoras panda | 5 | 60 × 30 | 20–25 | 6 |
| Corydoras paleatus | 6–7 | 60 × 30 | 18–23 | 6 |
| Corydoras aeneus | 6–7 | 60 × 30 | 21–26 | 6 |
| Corydoras sterbai | 6–6.5 | 75 × 30 | 24–28 | 6 |
| Kryptopterus vitreolus (kambare kioo) | 6.5 | 90 × 30 | 23–26 | 6 na zaidi |
| Synodontis nigriventris | 9–10 | 90 × 35 | 23–27 | 4 |
| Ancistrus (pleko mwenye ndevu) | 12–13 | 75 × 35 | 21–26 | 1 |
| Pimelodus pictus | 11–12 | 120 × 45 | 22–26 | 4 |
| Pterygoplichthys (pleko wa kawaida) | 40–50 | hakuna tangi dogo linalomfaa | 23–28 | – |

Majina ya kisayansi yamepanguliwa mwaka 2024. Koridora wengi wamehamishiwa jenasi nyingine, na paleatus, panda na sterbai sasa wako Hoplisoma, aeneus yuko Osteogaster. Madukani bado wanaitwa Corydoras, na hapa tunafuata maduka.

Wa kuwaacha dukani

Kambare wetu wa kuliwa, Clarias gariepinus, huuzwa akiwa kifaranga kutoka mashamba ya samaki, na mtu hushawishika kwa sababu ni rahisi na hafi ovyo. Anapumua hewa moja kwa moja, anasukuma kifuniko usiku na kutoka, na kwa chakula kizuri anapita sentimita 30 ndani ya mwaka mmoja. Wenzake wa tangi atawala mapema zaidi. "Papa mdogo" wa rangi ya fedha, Pangasianodon hypophthalmus, ni kambare wa mto Mekong anayezidi mita moja. Ni mwoga, na akishtuka hujigonga kwenye kioo mpaka pua inachubuka. Kambare mkia mwekundu wa Amazon naye hupita mita. Hawa watatu hawana mjadala.

Anayewaponza wengi ni pleko wa kawaida, kwa kuwa akiwa mdogo anafanana na Ancistrus. Mwombe muuzaji amtie kwenye chombo chenye kioo, usubiri ainue pezi la mgongoni, halafu uhesabu miale yake, ukiacha ule mwiba wa kwanza. Ikiwa miale ni tisa au zaidi, na pezi limesimama kama tanga la mashua, huyo ni Pterygoplichthys; mrudishe. Ikiwa ni saba au nane, endelea kumkagua: Ancistrus ana kichwa kipana kilichobapa, mwili mfupi, madoa meupe madogo, na dume akifika kama sentimita sita huanza kuota vinyweleo puani. Kuna jamaa mwingine, Hypostomus, mwenye miale saba vilevile na anayekua mkubwa, ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi. Kama unataka uhakika kabisa, nunua dume ambaye ndevu zimeshaanza kuonekana.

Usikubali kauli ya "atakua kulingana na tangi." Anachofanya samaki mkubwa kwenye tangi dogo ni kudumaa na kuchafua maji, na kwa kawaida hufa miaka mingi kabla ya wakati wake. Wala usimwage pleko aliyekushinda mtoni au bwawani: katika nchi nyingi zenye joto wamekuwa wavamizi, wanachimba mashimo kwenye kingo na hawang'oki tena.

Koridora watano, na swali la baridi

Kwa tangi la futi mbili ushindani halisi uko baina ya koridora. Wote wana tabia moja: wanatembea kwa kundi, wanachimba mchanga kwa sharubu, na mara moja moja wanapaa juu kama mshale, wanameza hewa na kurudi chini. Hewa hiyo wanaitumia kupitia utumbo. Ikiwa kila mmoja anapanda mara chache kwa saa, ni kawaida. Wakipanda mfululizo, maji yamekosa oksijeni au yana amonia, sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza.

Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikiwa nchi ambako nyumba hupashwa joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu za mawe hazina joto la ziada. Mwezi wa Julai, tangi lisilo na hita laweza kuamka asubuhi likiwa nyuzi 18 au chini kidogo. Hapo ndipo orodha inapojipanga upya.

Paleatus ndiye wa Nairobi. Asili yake ni bonde la Río de la Plata, upande wa Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil, ambako majira ya baridi yapo kweli. Vielelezo vilivyotumika kumweleza kisayansi mwaka 1842 vilikusanywa na Charles Darwin. Nyuzi 18 hazimsumbui. Kinachomsumbua ni joto: akiwekwa kwenye nyuzi 27 pamoja na samaki wa diskasi anapumua haraka, anachoka na maisha yake yanafupika. Ukiwa na sebule isiyo na hita, yeye ndiye jibu, sita kwa sakafu ya 60 × 30. Majike huwa wanene na hufika sentimita 7, kwa hiyo usijaribu kuwaongeza wawe kumi eti kwa sababu bado ni wadogo.

Panda ni wa pili kwa baridi. Anapenda maji yanayotembea na yasiyo moto sana, ila ni dhaifu siku za mwanzo. Tangi jipya humwua kuliko linavyomwua paleatus. Aeneus ndiye mgumu kuliko wote na huvumilia makosa ya anayeanza, lakini mtafutie hita ya kushikilia nyuzi 22. Sterbai ni mrembo, madoa meupe kichwani na mapezi ya chungwa, na ni wa joto. Kumweka bila hita Nairobi ni kumtesa. Kama tayari una tangi la nyuzi 26 kwa ajili ya samaki wengine, yeye ndiye koridora wako na paleatus akae kando.

Pygmaeus anastahili kutazamwa peke yake, kwa maana ndiye pekee wa tangi la futi moja na nusu. Sentimita mbili na nusu hadi tatu, mstari mweusi ubavuni, na muda mwingi hukaa katikati ya maji badala ya sakafuni. Wachache hujificha na huwaoni kabisa. Nane au kumi hutoka. Mdomo wake ni mdogo mno kwa tembe za kawaida, kwa hiyo saga tembe za kuzama zikawa unga, au mpe mabuu madogo ya brine shrimp. Na asiwekwe na samaki yeyote mwenye mdomo wa kummeza: miiba ya mapezi yake hukwama kooni, na wanakufa wote wawili.

Hesabu ya hita, kwa wanaoogopa tokeni: wati 50 zinatosha tangi la futi mbili kwenye chumba cha kawaida, wati 75 kama chumba ni baridi. Hita ya wati 50 ikiwaka jumla ya saa 12 kwa siku hula uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Stima ikipotea, joto hushuka polepole na blanketi kuzunguka kioo hulishikilia. Tatizo la haraka zaidi ni oksijeni. Kwa mwinuko wetu, maji ya nyuzi 25 yanashika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, wakati Mombasa yangeshika 8.3. Sisi tunaanza tukiwa na pungufu la karibu moja ya tano, kwa hiyo kichujio kitikise uso wa maji, na pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu.

Mla mwani: Otocinclus au Ancistrus?

Kwa udogo, Otocinclus anashinda: sentimita nne, hang'oi mimea, analamba mwani laini wa kahawia kwenye majani. Kwa ugumu anashindwa vibaya. Wengi huvuliwa porini, husafirishwa bila kula, na hufika dukani wakiwa na njaa ambayo tumbo limeshazoea. Mtazame kwa chini akiwa amejibandika kiooni. Tumbo la duara, mnunue. Tumbo lililobonyea kama kijiko, muache, kwa sababu hata ukimpa chakula mara nyingi hachukui. Na asiingie tangi lenye umri wa chini ya miezi mitatu: bado hakuna utando wa kumlisha.

Ancistrus anakula chochote na anaishi hata na mfugaji mzembe, ila ana mambo mawili. Kwanza, sentimita 12 ni nyingi kwa tangi la futi mbili. Mpe futi mbili na nusu au tatu. Pili, anakunya. Mtu anayemnunua kwa ajili ya usafi hushangaa asubuhi sakafu imejaa nyuzi za kahawia. Anahitaji kipande cha gogo la kukwangua, kilicholowekwa mpaka kizame, na pango la kuingia mwili wote. Madume wawili kwenye tangi dogo watapigana hadi mmoja achoke.

Wote wawili walishwe mboga, usingoje mwani uwatoshe. Kipande cha zukini cha unene wa sentimita moja, au jani la sukuma wiki lililochemshwa dakika mbili, funga kwenye kijiko cha chuma kizame, weka jioni, toa asubuhi. Ukikisahau siku mbili, maji yanageuka maziwa.

Gogogo na kambare kioo

Synodontis, ndugu za gogogo wa Ziwa Victoria, wana mvuto wa nyumbani, lakini Synodontis victoriae wa ziwani anapita sentimita 30. Wa tangi ni nigriventris kutoka bonde la Kongo, yule anayeogelea chali. Anataka futi tatu na wenzake watatu. Akiwa peke yake hushinda chini ya gogo na utamwona wakati wa kumzika. Kambare kioo anaonekana hadi mifupa na huning'inia katikati ya maji. Mpe futi tatu, hita, na tangi lililotulia muda mrefu. Pictus ni mwendokasi na hula samaki wadogo kama neon. Kwa tangi dogo, hapana.

Maji ya mfereji, maji ya kisima

Maji ya bomba ya Nairobi, mengi yakitoka Ndakaini na Sasumua, ni laini, yaani yana madini machache, na hilo linawafaa kambare wote wa Amerika Kusini. Kasoro yake ni kwamba maji laini hayana kinga kubwa dhidi ya asidi: tangi lisilobadilishwa maji kwa wiki nyingi linaweza kushuka pH, kile kipimo cha asidi, ghafla. Kiganja kimoja cha vipande vya kombe ndani ya kichujio kinazuia. Klorini itoe kwa matone ya sodiamu thaiosalfeti, au acha maji kwenye ndoo wazi saa 24 yakiwa na jiwe la hewa. Mgao wa maji umeshatufundisha kuweka akiba, kwa hiyo hilo si kazi mpya.

Maji ya visima virefu, ya akina Rongai, Syokimau na Kitengela, mara nyingi yana pH ya juu ya 8, bikaboneti na floraidi nyingi. Aeneus na Ancistrus huyazoea kuliko pygmaeus na Otocinclus. Hatari kubwa ni amonia: kwa pH ya juu, sehemu kubwa zaidi hugeuka kuwa ile yenye sumu, hivyo chakula kilichooza ambacho kwa maji ya bomba kingeleta kizunguzungu, hapa kinaua. Changanya nusu kwa nusu na maji safi ya mvua, na kipimo kiwe kilekile kila wiki.

Kila wiki badilisha lita 12 kati ya zile 44. Angalia joto. Maji ya tangi la paani mwezi wa Julai yakiwa nyuzi 15, ukiyamwaga moja kwa moja utashusha tangi la nyuzi 24 hadi karibu 21.5. Paleatus huichukulia kama mvua na huenda akataga. Sterbai na neon wanaweza kuamka na madoa meupe. Ukichanganya lita moja na robo ya maji yanayochemka ndani ya zile 12, unapata kama nyuzi 23, na hakuna anayeshtuka.

Kabla ya samaki yeyote, tangi liendeshwe na kichujio kwa wiki nne hadi sita mpaka amonia na naitraiti, sumu inayotokana nayo, zisome sifuri. Sponji chafu kutoka tangi lenye afya hufupisha muda huo.

Mchanga

Kokoto kali za rangi zinauzwa kila mahali na ndizo zinazomaliza sharubu za koridora. Uchafu unaojificha katikati yake unaoza, bakteria wanakula ncha za sharubu, na koridora asiye na sharubu hatafuti chakula vizuri. Mchanga wa mto wa ujenzi unafaa ukichekechwa kwa chekecheo la chai na kuoshwa mpaka maji yatoke maangavu. Lita 4.5, karibu kilo 7, zinatosha sakafu ya 60 × 30. Mwagia kiasi siki kwanza: ukitoa povu una chokaa, tafuta mwingine.

Siku ya kununua

Tazama sharubu zote zipo, macho maangavu, tumbo halijabonyea, mapezi hayajabanwa mwilini. Kama kuna maiti ndani ya tangi hilo la duka, ondoka hata kama aliyebaki anaonekana mzima. Usikubali koridora na Ancistrus wavuliwe kwa wavu wenye matundu. Mwiba wa pezi hunasa na kuvunjika. Wasukumwe kwenye kikombe. Sterbai wanapotishwa hutoa sumu majini, kwa hiyo kama safari kutoka mjini hadi kwako ni saa nzima kwenye foleni ya Thika Road, omba mifuko miwili, watatu kwa watatu. Maji ya mfuko yakiwa na povu ukifika, usiyaongeze kwenye tangi lako. Elelesha mfuko dakika 15, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa, kisha watoe samaki kwa kikombe na maji ya mfuko uyamwage kwenye sinki. Zima taa. Chakula wape kesho yake jioni, tembe moja ya kuzama kwa koridora wawili, na asubuhi kusibaki kitu sakafuni.